Je, shali imemtaja Jack the Ripper?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Nimeona video inayosema vinasaba vilivyopatikana kwenye shali ya mmoja wa wanawake waliouawa vimethibitisha kwamba Jack the Ripper alikuwa kinyozi wa Kipolandi aitwaye Kosminski, na kesi imefungwa. Mwenzangu chumbani anashikilia kuwa ni mjukuu wa Malkia Victoria, mwingine anasema ni daktari wa upasuaji. Je, kesi imekwisha kweli? Na wewe mwenyewe unamshuku nani?"

Marahaba, mwanangu. Kesi haijaisha. Hakuna mtu aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa mauaji yale ya Whitechapel, mashariki mwa London, mwaka 1888, na hakuna ushahidi uliojitokeza tangu wakati huo ambao hakimu makini angeweza kuutegemea. Nitaanza na hiyo shali, kwa kuwa unasoma sheria na jambo lenyewe liko mlangoni pako.

Madai hayo yalitangazwa mwaka 2014, yakachapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2019. Inasemwa kwamba shali moja ya hariri, iliyonunuliwa mnadani mwaka 2007, ilichukuliwa na askari polisi mahali alipouawa Catherine Eddowes, katika uwanja mdogo uitwao Mitre Square, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 30 Septemba 1888. Watafiti walichukua madoa ya kitambaa hicho, wakalinganisha vinasaba vyake na vya jamaa wa Eddowes aliye hai, na vya jamaa wa ukoo wa Aaron Kosminski kwa upande wa kike. Wakasema vimeoana.

Kabla hujauliza maabara imesema nini, uliza kielelezo kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani. Hapa mnyororo umekatika kwenye pete ya kwanza. Askari anayetajwa alikuwa wa Polisi wa Metropolitan, kikosi cha sehemu kubwa ya London, na Mitre Square ilikuwa eneo la Polisi wa City, yaani kitovu cha kale cha jiji, kikosi kingine kabisa chenye kamishna wake. Kwa zaidi ya miaka 100 hiyo shali ilikaa majumbani, ikashikwa, ikakunjwa, ikaoneshwa watu. Nani ameacha nini juu yake, hakuna awezaye kusema.

Halafu kuna orodha. Polisi wa City waliandika kila kitu alichovaa na alichobeba Catherine Eddowes, kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao hadi leo unanishangaza. Alikuwa na kofia nyeusi ya majani, jaketi jeusi lenye manyoya kwenye kola na mikono, kizibao cheupe cha kiume, na kipande cha hariri nyekundu shingoni. Soksi zake zilikuwa za kahawia, zimetiwa viraka vya uzi mweupe nyayoni. Viatu vilikuwa vya kiume, vya kufunga kamba, na cha kulia kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mfukoni mlikuwa na vipande 12 vya kitambaa cheupe, vipande sita vya sabuni, kitana, viko viwili vifupi vya udongo, kisu cha mezani chenye mpini mweupe, kijiko, kipande cha miwani, glavu moja nyekundu, kopo la chai na kopo la sukari. Watu waliohesabu hadi vipande vya sabuni wasingeiacha shali ya hariri yenye madoa ya damu. Katika orodha hiyo shali haimo.

Hata maabara yenyewe ina matatizo. Vinasaba vilivyotumika ni vile mtu anavyorithi kwa mama pekee. Hivyo vinaweza kumwondoa mtu kwenye orodha ya washukiwa, lakini haviwezi kumtaja kwa jina, kwa sababu maelfu ya watu wasiojuana wanaweza kuwa navyo vilevile. Tena, baada ya tangazo la mwaka 2014, wanasayansi wengine walionesha kwamba badiliko lililosifiwa kuwa adimu lilikuwa limeandikwa kwa namba isiyo sahihi. Ukiliandika kwa namba sahihi, Wazungu karibu wote wanalo. Wakili wa utetezi aliye macho angekiondoa kielelezo hicho kabla ya mapumziko ya chai.

Hayo ya shali. Lakini mwanangu, lipo jambo ambalo video hizi haziligusi, nalo ndilo linaloamua nani anabaki kwenye orodha ya washukiwa na nani anatoka. Jambo hilo ni hesabu ya wanawake wenyewe. Sote tumezoea kusikia watano: Mary Ann Nichols, aliyeitwa Polly, tarehe 31 Agosti 1888, Annie Chapman tarehe 8 Septemba, Elizabeth Stride na Catherine Eddowes, wote usiku mmoja wa tarehe 30 Septemba, na Mary Jane Kelly tarehe 9 Novemba. Inasemwa "watano" kana kwamba idadi hiyo ilitoka kwenye hukumu ya mahakama. Haikutoka huko. Faili la polisi la mauaji ya Whitechapel lina vifo 11 vya wanawake, kuanzia Emma Smith, aliyeshambuliwa Aprili 1888, hadi Frances Coles, aliyeuawa tarehe 13 Februari 1891. Nani alipunguza 11 wakawa watano, na kwa msingi gani?

Wa kwanza ni Dk. Thomas Bond. Polisi walimwomba apitie taarifa za vifo hivyo, naye akaandika barua tarehe 10 Novemba 1888, siku moja baada ya kifo cha Mary Kelly. Alisema wote watano waliuawa na mkono mmoja. Sasa zingatia: mwili aliouona kwa macho yake ulikuwa wa Mary Kelly peke yake. Hao wengine wanne aliwasoma katika maandishi ya madaktari wenzake. Na hakuishia hapo. Julai 1889 alipouawa Alice McKenzie, Bond aliuchunguza mwili wake, akaandika kwamba naye pia aliuawa na mtu yuleyule. Daktari mwenzake, George Bagster Phillips, ambaye alishughulikia miili mingi zaidi ya wanawake wa Whitechapel, akakataa. Basi huyo huyo anayetajwa kuwa shahidi wa "watano" alikuwa, kwa maoni yake ya mwisho, ameshafika sita.

Wa pili ni Melville Macnaghten, ofisa mkuu wa Scotland Yard, makao makuu ya Polisi wa Metropolitan. Tarehe 23 Februari 1894 aliandika waraka wa ndani, kwa sababu gazeti moja lilikuwa limemtangaza mtu mwingine, Thomas Cutbush, kuwa ndiye muuaji. Humo akaandika kwamba muuaji wa Whitechapel aliua watano, na watano tu. Macnaghten alijiunga na polisi Juni 1889, miezi saba baada ya kifo cha Mary Kelly. Hakuwapo. Na katika waraka huohuo akataja watu watatu ambao kwa maoni yake walistahili kushukiwa kuliko Cutbush: Montague John Druitt, Kosminski, na Michael Ostrog.

Aliyemwelemea zaidi ni Druitt. Huyu mwili wake uliopolewa kutoka mto Thames tarehe 31 Desemba 1888. Ukimhesabu Alice McKenzie wa Julai 1889, Druitt ameshakufa miezi saba kabla, kwa hiyo hayumo. Ili Druitt awe muuaji, ni lazima mauaji yaishie Novemba 1888. Na tazama, ofisa anayemshuku Druitt ndiye anayetuambia mauaji yaliishia Novemba 1888! Hesabu inamtegemea mshukiwa, na mshukiwa anaitegemea hesabu. Mwanafunzi wa sheria akiona duara la namna hii katika hati ya mashtaka anapaswa kusimama na kuomba ufafanuzi.

Chukua na Kosminski. Aaron Kosminski aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Colney Hatch tarehe 7 Februari 1891. Frances Coles alikatwa koo chini ya daraja la reli siku sita baadaye. Ukimweka Coles kwenye orodha, Kosminski anatoka siku hiyohiyo. Ukimtoa Coles, Kosminski anabaki. Sisemi Coles ni wa mkono uleule, wala binafsi sidhani. Ninachosema ni kwamba anayekutajia jina la muuaji amekwisha kukuchagulia waliouawa bila kukwambia.

Ugumu uko hata ndani ya hao watano. Elizabeth Stride alikatwa koo katika ua wa Dutfield, mtaa wa Berner, lakini mwili wake haukufanyiwa yale waliyofanyiwa wengine. Louis Diemschutz aliingia uani na gari lake la farasi mnamo saa 7 usiku, farasi akashtuka, naye akaona kitu chini. Wengi husema muuaji alikatizwa kazi yake, akakimbia, akamkuta Catherine Eddowes dakika 45 baadaye, mwendo wa chini ya robo saa kwa miguu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba Stride aliuawa na mtu mwingine kabisa, katika mtaa ambao ugomvi wa usiku ulikuwa wa kawaida. Mkononi alikuwa ameshika pakiti ndogo ya peremende za kunukisha kinywa, na hazikumwagika zote. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Mtu aliyekuwa akipambana hashiki peremende. Kwa upande mwingine yupo Martha Tabram, aliyechomwa visu mara 39 kwenye jengo la George Yard tarehe 7 Agosti, wiki tatu kabla ya Polly Nichols. Hayumo katika watano kwa sababu alichomwa, hakukatwa koo. Mimi ningemweka karibu zaidi ya Stride. Wataalamu wenzangu wengi wangebishana nami.

Sasa tuwape haki yao wale wa chumbani mwako.

Mjukuu wa Malkia, yaani Prince Albert Victor, hayumo. Nadharia yake ilivuma kuanzia mwaka 1970, na inakufa kwa kumbukumbu za safari zake: tarehe 30 Septemba 1888 alikuwa Scotland. Ile hadithi nyingine inayomwingiza daktari wa Malkia, Sir William Gull, na chama cha siri kilichowanyamazisha wanawake waliojua ndoa ya mwana wa mfalme, ina kasoro za wazi. Gull alikuwa na umri wa miaka 71, na mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa na kiharusi. Mtu aliyeileta simulizi hiyo alikiri gazetini mwaka 1978 kwamba aliitunga. Sina zaidi la kusema hapo.

Daktari wa upasuaji, hilo lina mizizi halisi. Phillips, baada ya kumchunguza Annie Chapman katika ua wa nyumba namba 29, mtaa wa Hanbury, aliona dalili za mtu mwenye ujuzi wa maumbile ya mwili. Bond alipinga vikali: alisema muuaji hakuwa hata na ujuzi wa mchinjaji wa farasi. Madaktari wawili wazoefu, kila mmoja na lake. Yule bwana wa kofia ndefu na mkoba mweusi unayemwona kwenye mabango alijengwa baadaye juu ya maoni ya upande mmoja tu.

Hata jina lenyewe, mwanangu, si la kutegemea. "Jack the Ripper" lilitoka kwenye barua ya wino mwekundu iliyofika shirika la habari la Central News tarehe 27 Septemba 1888. Wakuu wa polisi wenyewe, akiwemo Macnaghten na bosi wake Robert Anderson, baadaye waliandika kwamba iliandikwa na mwanahabari. Baada ya polisi kuichapisha wakitumaini mtu atautambua mwandiko, barua za kuigiza zilimiminika kwa mamia. Iliyotisha kuliko zote ni ile aliyopelekewa George Lusk, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya wakazi, tarehe 16 Oktoba, ndani ya kijisanduku chenye nusu ya figo. Kama figo ile ilikuwa ya Eddowes au ilitoka kwenye chumba cha maiti cha hospitali, hilo halikuthibitishwa. Kwa hiyo kila nadharia inayoanza kwa kulinganisha mwandiko wa mshukiwa na barua hizo inamtafuta mwandishi wa barua. Huyo huenda ni mtu mwingine kabisa.

Nirudi kwa Kosminski, kwa sababu yeye ndiye mwenye hoja nzito kidogo kuliko wenzake, na pia kwa sababu naona anadhulumiwa. Anayo haya ya kumpinga: alikuwa kijana aliyeishi palepale Whitechapel, jamaa mmoja alieleza wakati wa kumpeleka hospitalini kwamba aliwahi kumtishia dada yake kwa kisu, na Inspekta Mkuu Donald Swanson, aliyesimamia kesi, aliandika kwa kalamu ya risasi pembezoni mwa kitabu cha kumbukumbu cha Anderson kwamba mshukiwa ambaye Anderson alidai humo kuwa alitambuliwa na shahidi alikuwa Kosminski. Hilo si jambo dogo. Swanson alikuwapo, na karatasi zote zilipita mezani kwake.

Lakini Swanson aliandika pia kwamba mtu huyo alikufa muda mfupi baada ya kuingizwa Colney Hatch. Aaron Kosminski aliishi hadi mwaka 1919. Hospitali ilimwandika kuwa si hatari kwa wengine. Alisikia sauti, akakataa chakula alichopewa na watu, akaokota mabaki ya mkate mtaroni. Ama Swanson alichanganya watu wawili, ama kumbukumbu ilimponyoka uzeeni. Na katika kitongoji kile, mwaka ule, lilikuwepo shinikizo kubwa la kumtafuta muuaji miongoni mwa Wayahudi waliokimbilia London kutoka himaya ya Urusi. Mapema Septemba umati uliamini kuwa muuaji ni mtu aliyeitwa "Leather Apron", na John Pizer, fundi viatu wa Kiyahudi, akakamatwa. Aliachiwa kwa sababu aliweza kuonesha alikokuwa. Watu wasio na hatia walizomewa na kupigwa mitaani. Anayemweka Kosminski kizimbani leo kwa video ya dakika kumi anapaswa kuikumbuka hali hiyo, kwa kuwa mtu huyu alikuwa mgonjwa, maskini na mgeni, na hana wa kumsemea.

Druitt nitampitia haraka. Macnaghten alimwita daktari wa miaka 41. Alikuwa wakili na mwalimu wa shule, mwenye miaka 31. Ostrog alikuwa gerezani Ufaransa wakati wa mauaji. Inspekta Frederick Abberline, aliyeongoza upelelezi mitaani, yeye alimshuku Severin Klosowski, aliyenyongwa mwaka 1903 kwa kuwapa sumu wanawake watatu, na ni nadra sana mtu kuacha kisu na kuhamia sumu. Siku hizi linatajwa sana jina la Charles Lechmere, mbeba mizigo aliyeukuta mwili wa Polly Nichols mtaa wa Buck's Row, mnamo saa 9:40 usiku, akienda kazini. Anashukiwa kwa kuwa alijiita Cross mbele ya baraza la uchunguzi wa kifo. Cross lilikuwa jina la baba yake wa kambo, na papo hapo alitaja anapoishi na anapofanya kazi. Mtu anayejificha haachi anwani.

Nikulipe sasa deni la swali lako la mwisho. Simshuku yeyote kati ya waliotajwa kwa kiasi cha kuweza kulisema jina lake hadharani. Ninachokiamini kinatoka kwenye kitu kimoja kinachoshikika: kipande cha aproni. Muuaji wa Catherine Eddowes alikata kipande cha aproni yake, na saa 8:55 usiku Konstebo Alfred Long akakikuta kwenye mlango wa jengo mtaa wa Goulston, kimelowa damu. Kiliwekwa juu ya aproni iliyobaki mwilini, na mshono wa kiraka ukakutana na mshono wa kiraka. Hakuna kielelezo kingine katika kesi nzima chenye uhakika kama hicho. Nacho kinatuambia alikokwenda. Kutoka Mitre Square hakuelekea magharibi kwenye nyumba za matajiri. Alirudi mashariki, ndani ya vichochoro vya Whitechapel, huku polisi wakiwa tayari wanamsaka kwa sababu ya Stride. Mtu wa kupita asingejitosa huko. Ni mtu aliyekuwa na chumba jirani, au kitanda cha kukodi, na aliyejua vichochoro gizani.

Juu ya kipande hicho ukutani palikuwa na maneno ya chaki yanayowataja Wayahudi. Sir Charles Warren, kamishna wa Polisi wa Metropolitan, alifika mwenyewe kabla ya mapambazuko, akaamuru yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia ghasia dhidi ya Wayahudi asubuhi ya soko. Amelaumiwa miaka yote. Mimi sijawahi kuweza kumlaumu moja kwa moja. Alikuwa na ukuta mmoja, na nyuma yake mtaa mzima wa watu ambao wangeweza kupigwa kabla ya adhuhuri. Ingawa ningetamani angefunika neno moja tu na kuyaacha mengine, kama alivyoshauriwa.

Unaweza kuuliza mtu wa namna hiyo angepitaje na damu mikononi. Hatua chache kutoka Buck's Row palikuwa na machinjio ya farasi yaliyofanya kazi usiku kucha. Wanaume wenye damu kwenye nguo walikuwa sehemu ya mtaa. Na hata angekamatwa na doa, kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama kilikuja mwaka 1901, mwaka uleule Scotland Yard ilipoanzisha ofisi ya alama za vidole. Konstebo Edward Watkins alipita Mitre Square saa 7:30 usiku, akamulika taa, hakuona kitu. Alirudi saa 7:44. Dakika 14 ndizo zilizopatikana. Ndiyo maana nasema yawezekana kabisa jina lake halimo katika faili lolote.

Hukuniuliza kuhusu wanawake wenyewe, lakini nitaongeza kidogo, kwa sababu utasikia kila mahali kwamba "wote walikuwa makahaba." Kwa Mary Kelly ushahidi upo, na kwa Elizabeth Stride upo wa miaka ya ujana wake kwao Sweden. Kwa wengine, polisi na magazeti walilichukua neno hilo kama jina la kila mwanamke maskini aliyekuwa nje usiku. Polly Nichols alikuwa mke wa mpiga chapa, na mama wa watoto watano. Usiku ule alifukuzwa kwenye nyumba ya kulala mtaa wa Thrawl kwa kukosa peni nne za kitanda, akaondoka akijisifia kofia yake mpya. Annie Chapman alikuwa mgonjwa wa mapafu, akiuza vitu alivyovifuma kwa mkono. Alikuwa akipata shilingi 10 kwa wiki kutoka kwa mumewe waliyetengana naye, hadi mume alipokufa mwaka 1886. Mary Kelly alikuwa anadaiwa kodi shilingi 29, na ni mtu aliyetumwa kumdai aliyechungulia dirishani asubuhi ile.

Na Catherine Eddowes alikuwa ametoka Kent na mwenzi wake John Kelly, kuchuma hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Walirudi London kwa miguu bila fedha. Wakaweka rehani viatu vya John kwa shilingi 2 na peni 6, wakanunua chakula, chai na sukari. Jumamosi mchana alimuaga akisema anakwenda kwa binti yake kuomba msaada. Jioni alikamatwa kwa ulevi, akafungiwa kituo cha Bishopsgate, akaachiwa saa 7 usiku.

Mwili ulipopatikana hakuna aliyemjua. Magazeti yakaandika kwamba mfukoni mwake mlikuwa na kopo la haradali lenye risiti mbili za rehani, na mkononi mwake chale za herufi T na C. John Kelly aliyasoma hayo siku ya Jumanne. Risiti moja ilikuwa ya shati, waliyopewa na rafiki waliyeachana naye njiani wakitoka Kent. Nyingine ilikuwa ya viatu vyake. Alikwenda polisi akiwaambia kwamba anadhani wanaye mkewe.